Wino Mwekundu na Maneno Matupu

Kila lugha ina maneno yanayowachosha wenyewe. Kizuri hakikosi ila, walisema wahenga, na Kiingereza, pamoja na kuenea kwake duniani, hakikuepukana na hukumu hiyo. Tena walalamikaji wa kwanza si wageni, bali ni Waingereza na Wamarekani wenyewe. Katika jimbo la Michigan nchini Marekani kipo chuo kikuu kiitwacho Lake Superior State University, ambacho tangu mwaka 1976 hutoa kila mwanzo wa mwaka orodha ya maneno yanayostahili kufukuzwa katika lugha. Orodha ya mwaka 2022 ilikuwa na msemo "at the end of the day", ambao ukiufuata neno kwa neno ni jioni, lakini husemwa mtu anapotaka kusema "hatimaye" au "baada ya yote". Orodha ya mwaka 2023 ilitaja "amazing", yaani la kustaajabisha. "Absolutely", yaani kabisa. Na "irregardless", neno lililobebeshwa ukanushi mara mbili ilhali "regardless" peke yake latosha kueleza "bila kujali".

Orodha hiyo hutungwa kwa mzaha kutokana na mapendekezo yanayopelekwa na watu wa kawaida. Kwao ni kicheko cha mwaka mpya. Kwetu sisi hapa Uganda, tunaofundisha Kiingereza asubuhi na Kiswahili mchana, jambo lenyewe halina kicheko. Mwanafunzi wa Mbale au Masaka anayeandika neno la kuchukiza hupunguziwa alama, na alama zikipungua, hupungua pia nafasi yake ya kuendelea na masomo. Hatuna budi basi kuuliza: katika hayo yanayochukiza, yapi ni makosa kweli, yapi ni desturi tu, na yapi yanaharibu fikira? Dai langu, walimu wenzangu, ni kwamba kwa miaka mingi tumemwaga wino mwekundu mahali pasipostahili, na tumeubania mahali ulipohitajiwa.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliandika insha ya Kiingereza juu ya maisha ya bweni. Humo alisema kwamba mtu yeyote akipoteza ufunguo wake hana budi kumwarifu mlezi. Mahali pa "wake" aliandika "their", neno ambalo vitabu vyetu vya sarufi vilitufundisha kuwa ni la watu wengi, si la mtu mmoja. Nililizungushia wino, nikaandika "his" juu yake, yaani "wake" wa mwanamume, nikakata alama. Msichana yule alikuja mezani kwangu akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, bweni letu ni la wasichana watupu. Huyu 'his' ametoka wapi?" Nilimjibu kwamba sheria ni sheria. Alirudi kitini pake, na muhula ule hakuniuliza swali jingine.

Makosa yasiyo makosa

Nilipolichunguza jambo hilo baadaye, niliona haya. Kutumia "they" na "their" kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia yake si uvumbuzi wa vijana wa leo. Matumizi hayo yamo katika Kiingereza tangu karne ya 14. Yamo katika maandishi ya Chaucer, yamo kwa Shakespeare, yamo kwa Jane Austen. Kilichokuja nyuma ni katazo. Wanasarufi wa karne ya 18 na ya 19 walishikilia kwamba neno la kiume limwakilishe na mwanamke pia, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kwamba, katika sheria zake, maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanajumuisha wanawake. Ndipo alipotoka "his" wangu.

Ajabu ni kwamba sisi tunaofundisha Kiswahili tulipaswa kuwa watu wa mwisho kusumbuliwa na jambo hili. Kiambishi chetu "a-" hakiulizi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Tukisema "akipoteza ufunguo wake", wote wamo, na hakuna msikilizaji aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Na wale wanaosema kwamba neno la wengi haliwezi kumtaja mmoja, wasisahau kwamba "you" ya Kiingereza ilikuwa "ninyi" kabla ya kuwa "wewe". Ya mtu mmoja ilikuwa "thou", nayo imebaki katika sala na mashairi ya kale. Hakuna mwalimu anayemkata mtoto alama kwa kumwita mwenzake "you".

Tulitazame katazo la pili, la kumaliza sentensi kwa kihusishi, yaani maneno madogo kama "to", "with" na "for". Mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson kwa tabia hiyo mwaka 1672. Kasisi Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, aliligusa jambo hilo katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762. Alisema kwamba mtindo huo ni wa kawaida katika mazungumzo, ila kukitanguliza kihusishi kunapendeza zaidi katika maandishi mazito. Tena sentensi yake mwenyewe ya kueleza jambo hilo aliimaliza kwa kihusishi. Hakuweka sheria, alitoa ushauri wa mitindo. Waliomfuata ndio walioufanya ushauri kuwa amri, na amri hiyo ikasafiri kwa meli hadi madarasani kwetu.

Vivyo hivyo kuhusu kitenzi-jina kinachopasuliwa, kama mtu anapoweka kielezi kati ya "to" na kitenzi chake. Henry Alford, mkuu wa kanisa la Canterbury, alilipinga jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1864, akidai kwamba wasemaji na waandishi wa Kiingereza hawalijui. Walilijua sana, kwani limo katika maandishi ya Wycliffe ya karne ya 14. Sisi nasi twaweza kutabasamu hapa. Katika Kiswahili tunapachika mtendwa katikati ya kitenzi-jina kila siku tukisema "kumwona" na "kukisoma", na kitenzi hakijapasuka hata siku moja. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwaonea wivu wale wasiojua wala kujali kama kitenzi kimepasuliwa, akawaonya wengine kwamba kulikwepa jambo hili kwa nguvu huzaa sentensi mbovu kuliko hiyo inayokwepwa.

Mifano ni mingi. Tofauti kati ya "less" na "fewer", yaani "kidogo zaidi" kwa visivyohesabika na "vichache zaidi" kwa vinavyohesabika, ilianza kama maoni ya mtu mmoja, Robert Baker, aliyeandika mwaka 1770 kwamba yeye aliona hivyo kungefaa zaidi. Msemo "between you and I", ambao mwalimu yeyote wa sarufi hutaka "I" yake igeuzwe "me", umo katika barua ya Antonio kwa rafiki yake, ndani ya ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikatoka mwaka 1969. Shakespeare angalikuwa mwanafunzi wangu miaka ile, asingalipata alama zote.

Kosa lenye akili

Lipo fungu la pili, nalo ni la kwetu hasa. Vijana wa Uganda husema "dirten" wakiwa na maana ya kuchafua. Neno hilo hulikuti kwa kawaida katika kinywa cha Mwingereza wa leo. Lakini tulipime. Kiingereza kina "wide", pana, na "widen", panua. Kina "soft", laini, na "soften", lainisha. Kina "black", nyeusi, na "blacken", fanya kuwa nyeusi. Kijana aliyeunda "dirten" kutokana na "dirt" amefuata kanuni ya lugha yenyewe. Kadhalika husema "extend" wakimtaka mtu asogee katika benchi ili mwingine apate kukaa. Neno hilo kwa Waingereza ni kurefusha au kunyoosha, nasi tumelipa kazi mpya, kazi ambayo kila abiria wa Kampala anaielewa.

Je, tuyaache maneno haya katika mtihani? La hasha. Mtahini hatayakubali, na mwalimu asiyemwambia mwanafunzi ukweli huo amemsaliti. Lakini kuna njia mbili za kusahihisha. Ya kwanza ni kumwambia kwamba amesema upuuzi. Ya pili ni kumwambia: "Umefuata kanuni vizuri, ila kanuni hii haikufika katika neno hili, katika maandishi rasmi tumia 'to soil' au 'to make dirty', kwenu nyumbani sema upendavyo." Wa kwanza hutoka darasani akiogopa lugha, na wa pili hutoka akijua namna inavyofanya kazi. Mtoto hufundishwa kwamba kanzu ya sherehe si nguo ya kulimia, na kwamba nguo ya kulimia si dhambi.

Kuchoka kwa neno

Sasa tulitazame neno ambalo huenda ndilo linaloudhi kuliko yote, "literally". Maana yake ya asili ni "neno kwa neno", "bila tamathali". Watu hulitumia kinyume, wakisema kwamba mtu "literally" amekufa kwa kucheka, ilhali yuko hai akinywa chai. Walalamikaji husema kwamba huu ni upotovu wa kizazi cha simu. Sivyo, maana Mark Twain alimwelezea Tom Sawyer hivyo hivyo mwaka 1876, akisema kijana yule anagaagaa katika utajiri kwa neno hilo hilo, na kabla yake waandishi wengine wa karne ya 18 na ya 19 walifanya hivyo.

Kwa hiyo hoja ya ukale haitusaidii. Hata hivyo siwezi kulitetea neno hili kama nilivyolitetea "their", na sababu yangu si ya sarufi. "Their" katika insha ya msichana yule lilifanya kazi ambayo neno jingine halikuweza kuifanya. "Literally", likirudiwa mara tano katika ukurasa mmoja, halifanyi kazi yoyote. Msemaji amelitia ili kuipa nguvu sentensi isiyo na nguvu. Ni kama chumvi, ambayo ukiitia katika kila kitu, hata chai, ulimi husahau ladha yake. Ndiyo hali ya "actually", ya "basically", ya "amazing" na wenzao. Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kusimama. Asiulize, "Neno hili limeruhusiwa?" Aulize, "Nikilifuta, kitu gani kinapotea?" Kisipopotea kitu, lifutwe.

Neno linaloficha

Kuna ubaya mkubwa kuliko kuchosha. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, alionyesha kwamba misemo iliyotayarishwa humwondolea msemaji taabu ya kufikiri, na zaidi ya hapo humsaidia kuficha maovu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1948, Ernest Gowers alitoa kitabu alichowaandikia watumishi wa serikali ya Uingereza, akiwataka waandike maneno ya wazi ili mwananchi aliyepokea barua aelewe anachoambiwa. Wote wawili walitazama mbali kuliko kina Alford, kwa sababu walimhurumia msomaji.

Lakini hata Orwell tumhakiki. Alishauri kwamba kauli ya kutendwa iepukwe panapowezekana, ilhali katika sentensi ya kwanza kabisa ya insha ile aliitumia yeye mwenyewe. Kosa lake ni lile lile la wanasarufi, la kuilaumu sarufi kwa dhambi ya msemaji. Kauli ya kutendwa haina hatia. Tukisema "mtoto ameumwa na mbwa", tumemtaja mbwa wazi. Ubaya huingia pale mtendaji anapojulikana na akaondolewa kwa makusudi. Rais Ronald Reagan, alipolihutubia Bunge la Marekani mwezi Januari 1987 na kugusia mkasa wa silaha zilizouzwa Iran, alisema kwamba makosa makubwa yalifanyika. Yalifanyika na nani? Sarufi ya sentensi ile ni safi, na mwalimu wa kalamu nyekundu angeipa alama zote.

Kiswahili chetu kimejaliwa silaha hiyo hiyo, tena kali zaidi, katika kauli ya kutendeka. Kila mzazi ameusikia utetezi usemao "kikombe kimevunjika". Mtoto akisema hivyo, twacheka. Lakini inapoandikwa katika taarifa ya chama au ya ofisi kwamba fedha zimepotea, au kwamba maneno yasiyofaa yalitamkika, hatupaswi kucheka. Katika darasa langu siku hizi huandika ubaoni sentensi kama hizo, na wanafunzi hutafuta aliyeondolewa. Zoezi hili limewafundisha zaidi kuliko saa nyingi za kuwinda vihusishi.

Yanayovuka mpaka

Mwalimu wa Kiswahili asidhani kwamba uchafu wa Kiingereza ni shauri la Waingereza. Katika nchi yetu Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto wengi watakipokea kutoka kwa walimu ambao wao wenyewe hufikiri kwanza kwa Kiingereza. Tutawapa Kiswahili gani?

Dalili tunaziona. "At the end of the day", msemo ule ule uliofukuzwa kule Michigan, umepata hifadhi kwetu kwa jina la "mwisho wa siku", na sasa twasikia kwamba "mwisho wa siku mkulima ndiye anayeumia", kana kwamba asubuhi yuko salama. Lugha iliyo na "hatimaye", "mwishowe" na "baada ya yote" ilikuwa na haja gani ya mkopo huu? Neno "exercise" limelivuta "zoezi" mpaka kupiga kura, kuhesabu watu na kugawa vyandarua kote kumekuwa mazoezi. Katika hafla zetu hakuna anayeshukuru tu. Kila mtu "hupenda kuchukua nafasi hii" ili ashukuru, na anapomaliza kuichukua nafasi, muda wa kushukuru umekwisha. Na anayetaka kusema "elimu" husema "katika suala zima la elimu", kana kwamba liko suala nusu.

Sisemi kwamba tafsiri ni haramu. Kiswahili kimekopa tangu kale, na hakuna Mswahili anayeona kwamba "kitabu" au "meza" ni mgeni. Kipimo ni kile kile nilichokitumia kwa Kiingereza. "Meza" ilileta kitu, na "mwisho wa siku" haukuleta kitu ila umeondoa "hatimaye" midomoni mwa vijana. Na neno lililozoewa kutiwa bila maana katika lugha moja huhamia katika lugha ya pili pamoja na uzembe wake.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba mwalimu akilegeza sheria, darasa litakuwa soko. Nawaheshimu, maana wengi wao ndio walionifundisha. Lakini sisemi sheria zilegezwe, nasema zipangwe upya. Kuuliza kila neno limefanya kazi gani ni sheria ngumu kuliko kukariri kwamba sentensi isimalizwe kwa "with". Mwanafunzi aweza kuepuka vihusishi vyote vya mwisho na bado akaandika kurasa tatu zisizosema kitu.

Basi napendekeza kwamba kila mwalimu, kabla ya kugusa karatasi ya mwanafunzi kwa wino mwekundu, ajiulize mambo matatu. Je, msomaji atapotoshwa na neno hili? Likifutwa, kitu kitapotea? Limemficha mtu anayepaswa kutajwa? Akiona kwamba neno halipotoshi, lina kazi, wala halifichi, na kosa lake ni kuchukiwa na mtahini tu, aandike pembeni kwa kalamu ya risasi: "Mtihanini usitumie." Wino mwekundu auweke kwa maneno matupu na kwa sentensi zinazoficha.

Msichana yule wa bweni alikwisha kumaliza shule kabla sijapata ujasiri wa kumjibu. Jibu nililochelewa nalo ni hili: "his" yule hakutoka katika lugha ya Kiingereza. Alitoka katika vitabu vya watu waliopenda sheria kuliko wasomaji, nami nikamkaribisha bwenini bila kubisha hodi. Sentensi yako ilikuwa sahihi.